Picha ya ua wa Oba, Benin City 1897: nani alipanga shaba zile chini?

Mtu akianza kusoma habari za ufalme wa Benin, uliokuwa kusini mwa Nigeria ya leo, kitabuni au kwenye simu, hakawii kukutana na picha moja ya nyeusi na nyeupe. Ni ua wa jumba kubwa la udongo lililoungua. Paa halipo. Wazungu watatu wapo katikati ya vifusi, na mbele yao, chini kabisa, pamejaa mabamba ya shaba. Maelezo yanayosambazwa nayo yanasema hivi: ndani ya makazi ya mfalme, yaliyoteketea kwa moto wakati Benin City ilipozingirwa, mabamba ya shaba yakiwa mbele, pamoja na askari watatu Waingereza wa msafara wa adhabu wa tarehe 9 hadi 18 Februari 1897. Aliyepiga ni Reginald Kerr Granville, ofisa wa Niger Coast Protectorate, himaya ya Uingereza katika pwani ile. Wawili kati ya watatu wale wametajwa majina, Kapteni C.H.P. Carter na F.P. Hill. Wa tatu hajulikani.

Wengi wetu huipita haraka. Tunaona vita, tunaona nyara, tunasikitika, tunaendelea. Mimi naomba tukae nayo kidogo, kwa sababu maelezo yale yamekubalika kwa zaidi ya karne moja ilhali hayalingani na kilichomo ndani ya picha yenyewe. Hii si picha ya mapigano. Ni picha ya watu wanaokagua mali baada ya mapigano kwisha, na ukiisoma hivyo inakuwa ushahidi mzito kuliko ule ambao mpiga picha alikusudia kuutoa.

Tarehe hazikubaliani

Tuanze na jambo rahisi. Benin City haikuzingirwa. Kikosi cha Waingereza kilipigana njiani, msituni, kwa siku kadhaa kikitokea upande wa Ologbo. Tarehe 18 Februari kikaingia mjini. Oba, yaani mfalme, Ovonramwen na watu wake walikuwa wameshatoka. Mji ukatekwa siku hiyohiyo. Neno "kuzingirwa" linamfanya msomaji afikirie majeshi mawili yakikabiliana kwa majuma, kuta zikipigwa mizinga, na moto ukitokana na mapambano hayo. Hakuna lolote la namna hiyo.

Moto uliounguza kasri ulizuka tarehe 21 Februari. Yaani siku tatu nzima baada ya mji kuwa mikononi mwa Waingereza, bila adui wa kupigana naye ndani ya kuta. Ripoti zao zilisema ni ajali. Huenda ni kweli. Nyumba za Benin ziliezekwa kwa majani, kiangazi kilikuwa kikali, na cheche moja ingetosha. Lakini moto ule haukuzuka katika mji uliokuwa umeachwa salama: siku mbili kabla yake wanajeshi walikuwa tayari wanabomoa na kuchoma nyumba za baadhi ya wakubwa wa mji kwa amri. Tarehe 22 kikosi kikuu kikaanza safari ya kurudi pwani.

Sasa rudi kwenye maelezo: "9 hadi 18 Februari". Picha inaonyesha jumba lililokwisha kuungua. Kwa hiyo haikuweza kupigwa kabla ya tarehe 21. Ama ilipigwa katika muda mfupi kati ya moto na kuondoka kwa kikosi kikuu, ama ilipigwa baadaye na wale wa Protectorate waliobaki kuushika mji, na Granville alikuwa wa huko. Vyovyote iwavyo, wale watatu hawako vitani. Wana nafasi ya kutulia na kutazama kamera.

Shaba hazikuanguka ukutani

Ukiangalia picha kwa mara ya kwanza, akili inajaza yenyewe: mabamba yalikuwa yamebandikwa ukutani, moto ukaja, yakadondoka, wanajeshi wakayakuta kwenye majivu. Mimi mwenyewe ningekuwa tayari kuapa hivyo. Historia ya kasri lile inakataa.

Mabamba mengi yalitengenezwa katika karne ya 16 na ya 17, enzi za Maoba kama Esigie na waliomfuata. Kazi hiyo ilikuwa ya mafundi wa chama cha Igun Eronmwon, waliomtumikia mfalme peke yake, na mtaa wao, Igun, upo mpaka leo na bado wanasubu. Fundi anafinyanga umbo kwa nta, kila kitu kidogo kikiwemo: ushanga wa shingoni, msuko wa nguo, jino la chui. Anaikandika kwa udongo laini tabaka juu ya tabaka, anaipasha moto nta iyeyuke itoke, halafu anamimina shaba iliyoyeyuka pale nta ilipokuwa. Udongo ukivunjwa, bamba liko tayari, na kalibu ile haitumiki tena. Ndiyo maana hakuna bamba linalofanana kabisa na jingine.

Shika bamba moja kwa macho, kwa kuwa kwa mkono haiwezekani, lipo nyuma ya kioo. Uso wake umejazwa maua madogo ya majani manne yaliyochorwa kwa ncha kali, alama inayohusishwa na Olokun, mungu wa maji na utajiri. Juu ya hayo wamesimama watu: Oba, askari, mpiga pembe, Mreno mwenye nywele ndefu na kofia. Sasa acha watu, tazama pembeni. Utaona matundu ya misumari. Yametobolewa ili bamba ligongomelewe kwenye nguzo ya mbao.

Na nguzo hizo zilionekana. Olfert Dapper, Mholanzi aliyechapisha kitabu chake Amsterdam mwaka 1668, aliandika kwamba kasri la Benin lina mabaraza marefu yanayolingana na soko la wafanyabiashara la Amsterdam, yamesimama juu ya nguzo zilizofunikwa kwa shaba kutoka juu hadi chini, na juu yake zimechorwa vita na matukio ya ushujaa. Dapper hakuwahi kukanyaga Afrika, alikusanya habari kwa waliofika. Hata hivyo habari hii ya nguzo inakubaliana na matundu ya misumari.

Mwanzoni mwa miaka ya 1700 alifika Mholanzi mwingine, David van Nyendael, na huyu alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Alieleza kasri na nguzo zake, lakini mabamba hakuyataja. Mji ulikuwa umepitia vita vya wenyewe kwa wenyewe na sehemu kubwa ilikuwa imeharibika. Inaelekea mabamba yalikuwa yameshashushwa na kuwekwa ghalani. Na huko ndiko Waingereza walikoyakuta mwaka 1897: Reginald Bacon, ofisa wa upelelezi wa msafara, aliandika kwamba mabamba mia kadhaa yalipatikana ndani ya nyumba moja, yamefunikwa na vumbi la miaka mingi.

Hapo ndipo picha inapogeuka. Kama mabamba yalikuwa ghalani, basi hayakudondoka popote. Yalitolewa. Mtu aliyabeba moja baada ya jingine, akayafikisha uani, akayaweka chini pale kamera ingeyaona. Kile kinachoonekana kama mabaki ya maangamizi ni shehena iliyotayarishwa kuondoka.

Kuna bamba moja, sasa liko British Museum, linaloonyesha mlango wa kasri lenyewe. Juu kuna paa lenye mnara, na chatu anateremka toka mnarani kichwa kikiwa chini. Nguzo zimepambwa kwa vichwa vya Wareno. Walinzi wamesimama. Kwa maneno mengine, Benin ilikuwa na picha ya kasri lake miaka 300 hivi kabla ya Granville kufungua kamera yake, na waliotengeneza picha ile walijua kila kitu kilikuwa kinakaa wapi. Sijui kwa nini vitabu vingi vinavyotaka kumwonyesha msomaji "kasri la Benin" huanza na picha ya magofu, wakati bamba hili lipo na halina tatizo lolote la kusomeka.

Barua ya Novemba

Kama picha ni ya mali, tuulize mali hiyo ilianza kutajwa lini. Haikuanza kutajwa Februari.

Simulizi rasmi ya Uingereza huanzia tarehe 4 Januari 1897. Siku hiyo James Phillips, kaimu Konseli Mkuu wa Niger Coast Protectorate, alivamiwa na wapiganaji wa Benin njiani kutoka Ughoton akiwa na msafara wake. Waingereza saba waliuawa, wawili tu wakanusurika, Alan Boisragon na Ralph Locke. Wapagazi Waafrika zaidi ya 200 walikuwa katika msafara ule na wengi wao hawakurudi. Phillips alikuwa ameonywa asije wakati ule kwa sababu Oba alikuwa katika sikukuu ya Ague, na katika siku hizo hapokei wageni. Akaenda. Shambulio linahusishwa na Ologbosere na wakubwa wenzake, na masimulizi ya Benin yanasema Oba hakulitaka. Ndani ya majuma saba jeshi likawa limekusanywa, limesafirishwa na limeuteka mji.

Lakini Novemba 1896, Phillips alikuwa ameshaiandikia serikali yake London akiomba ruhusa ya kumwondoa Oba katika kiti chake kwa nguvu, na mwishoni mwa barua akaongeza kwamba ana sababu ya kutumaini pembe za ndovu za kutosha zitapatikana katika nyumba ya mfalme kulipia gharama za kumwondoa. Huyu mtu alikuwa bado hajauawa. Hakuna aliyekuwa ameuawa. Kosa la Oba lilikuwa biashara: mafuta ya mawese, kokwa za mchikichi, mpira na pembe zilipita kwa masharti yake, na akiudhika alifunga masoko. Mkataba wa 1892 aliokuwa amewekeana na Makamu wa Konseli Galwey ulitakiwa kumaliza jambo hilo, na Oba hakuonekana kuutilia maanani. Majirani zake walikwisha kuonja. Jaja wa Opobo alikamatwa na kupelekwa uhamishoni mwaka 1887. Nana Olomu wa Waitsekiri alibomolewa mji wake wa Ebrohimi mwaka 1894.

Kwa hiyo gharama za vita zilipigiwa hesabu kwa pembe zilizo ndani ya nyumba ya mtu, miezi mitatu kabla ya nyumba hiyo kuvunjwa. Ukiiweka barua ya Novemba kando ya picha ya Granville, utaona ni nyaraka mbili za faili moja: makadirio, na kisha stakabadhi.

Admirali tuliyemjua sisi kwanza

Aliyeongoza msafara ni Harry Rawson, admirali wa manowari za Uingereza za kituo cha Rasi ya Tumaini Jema. Jina hili msomaji wa pwani yetu anapaswa kulikumbuka. Agosti 1895 Rawson ndiye aliyeongoza shambulio la Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, nyuma ya Mombasa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 27 Agosti 1896, ndiye aliyekuwa na manowari mbele ya kasri la Unguja pale Khalid bin Barghash alipojitangaza Sultani bila idhini ya Waingereza. Kasri lilipigwa mizinga kwa muda usiofika saa moja. Wanaohesabu dakika husema 38. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Mabaharia wa Kiingereza wakapiga picha mbele ya kasri wakiwa na mzinga walioukamata, na Sultani mpya, Hamoud bin Mohammed, akamtunuku Rawson nishani.

Haikupita miezi sita, meli yake kuu ileile, St George, ikawa pwani ya Benin. Mpangilio wa picha nao haukubadilika: jumba la mtawala limebomoka nyuma, washindi katikati, kitu kilichotekwa mbele. Picha ya Unguja ina mzinga, picha ya Benin ina shaba. Tofauti pekee ya maana ni kwamba mzinga ni silaha, na mtu anaweza kusema aliunyang'anya usije ukamuua. Mabamba hayakuwahi kumpiga mtu.

Wasioonekana

Katika ua ule hakuna Mwedo, yaani mwenyeji wa Benin, hata mmoja. Hakuna pia mpagazi, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu bila wapagazi hakuna kitu ambacho kingefika pale wala kuondoka pale. Maji ya kunywa ya jeshi yalibebwa vichwani. Risasi na vipande vya bunduki za Maxim vilibebwa. Na baadaye shaba na pembe zikabebwa kurudi mtoni, msituni, njia ya mtu mmoja mmoja. Bamba moja ni zito. Mamia ya mabamba ni kazi ya mamia ya shingo. Askari wa Kihausa wa Protectorate nao walikuwa mstari wa mbele katika mapigano yale, na katika picha mashuhuri kuliko zote za vita hivyo hawamo.

Waliokufa upande wa Benin hakuna aliyewahesabu. Waingereza walijua idadi ya wafu wao kwa majina.

Hapa lazima niguse jambo ambalo watetezi wa msafara huliweka mezani kila mara: kafara za watu. Zilikuwapo Benin. Kuzikana ni kujidanganya, na wazee wa Benin wenyewe hawazikani. Walioingia mjini Februari 1897 waliandika kuhusu maiti nyingi walizozikuta, na baadhi yao inaelekea waliuawa siku zilezile jeshi lilipokuwa linakaribia, mji ukiwa katika hofu kuu. Lakini angalia matumizi ya habari hiyo. Bacon alikipa kitabu chake jina linaloiita Benin mji wa damu. Gazeti la Illustrated London News lilitoa toleo maalumu mwezi Machi lenye michoro ya kutisha. Barua ya Phillips, iliyozungumzia biashara na pembe, haikuchorwa gazetini. Msomaji wa London akapewa damu ili asiulize habari za hesabu.

Picha mbili za kuweka kando yake

Sipendi kuichambua picha moja kana kwamba ndiyo pekee iliyopo. Zipo nyingine mbili zinazoibana hii vizuri.

Ya kwanza ilipigwa na Cyril Punch, mfanyabiashara aliyekuwa akiingia Benin kabla ya vita, mwaka 1891. Inaonyesha madhabahu ya mababu katika kasri. Vichwa vya shaba viko mahali pake, pembe za ndovu zilizonakshiwa zimesimama juu ya vichwa hivyo. Vitu vilevile ambavyo tunaviona leo kimoja kimoja kwenye rafu za makumbusho, kila kimoja na taa yake, hapo viko pamoja na vinafanya kazi: kila Oba mpya alikuwa na wajibu wa kumjengea baba yake madhabahu. Ukitoka picha ya Punch kwenda ya Granville umesafiri miaka sita tu.

Ya pili ilipigwa na Mwafrika. Jonathan Adagogo Green, Mwijo wa Bonny, alikuwa na studio yake, na miongoni mwa wateja wake walikuwamo maofisa wa kikoloni. Ovonramwen alirudi mjini kujisalimisha Agosti 1897, akahukumiwa Septemba, akapakiwa kwenye yoti iliyoitwa Ivy kupelekwa Calabar. Green alimpiga picha humo. Mfalme ameketi, amevaa vitambaa, miguuni ana minyororo, na nyuma yake wamesimama walinzi wenye sare. Anaitazama lenzi moja kwa moja. Granville aliwapiga wenzake bila mwenye nyumba. Green akampiga mwenye nyumba bila nyumba yake. Sitaki kumfanya Green kuwa shujaa wa upinzani, maana kazi ililipiwa na picha ikauzwa. Ila kwa namna alivyomweka yule mzee mbele ya kamera, hakuna anayeweza kumchukulia kuwa sehemu ya nyara. Ovonramwen hakurudi tena Benin. Alifariki Calabar Januari 1914, na mwaka huohuo mwanawe akatawazwa kwa jina la Eweka II, akajenga upya kasri dogo kuliko la zamani.

Safari ya mabamba baada ya picha kupigwa

Vitu viligawanywa mafungu mawili. Maofisa walichukua vyao binafsi, pembe, vichwa, kengele, na vingi vikaenda kukaa majumbani England juu ya kabati. Mabamba kwa sehemu kubwa yaliingia fungu la serikali. Septemba 1897 British Museum ilikuwa imeshaweka maonyesho ya mabamba 304 iliyoazimwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Ikabaki na 203. Mengine yakauzwa kufidia gharama. Wajerumani walinunua kwa kasi: Felix von Luschan wa makumbusho ya Berlin aliona mapema kuwa ufundi ule haupungukiwi na kitu mbele ya usubu wowote wa Ulaya, na Berlin ikaishia na vitu zaidi ya 500 vya Benin.

Kati ya 1950 na 1972 British Museum yenyewe iliuza mabamba zaidi ya 30 ikiyaita nakala zilizozidi. Baadhi ilinunua Nigeria, yaani walioporwa walilipa. Nimeshaeleza hapo juu jinsi kalibu inavyovunjwa, kwa hiyo suala la nakala sina haja ya kulirudia. Leo makumbusho hiyo husema sheria ya 1963 inaizuia kutoa vitu vyake, nayo ina vya Benin zaidi ya 900.

Wengine wameanza kurudisha. Ujerumani ilitia saini makubaliano Julai 2022 na kukabidhi vitu ishirini hivi Desemba mwaka huo. Horniman Museum ya London ilihamisha umiliki wa vitu 72 Novemba 2022, ikikiri vilichukuliwa kwa nguvu. Uholanzi ilirudisha 119 mwaka 2025. Mjukuu wa ofisa mmoja wa msafara alibeba vitu viwili mwenyewe mwaka 2014 akavipeleka kasrini kwa Oba, bila kungoja kamati. Hifadhidata ya Digital Benin ilipofunguliwa Novemba 2022 ilikuwa imeorodhesha vitu zaidi ya 5,000 kutoka taasisi 131 katika nchi 20, na picha za zamani kama hii ya Granville ni sehemu ya vielelezo ambavyo watafiti huvitumia kufuatilia kipi kilitoka wapi. Picha ambayo washindi waliipiga kwa fahari sasa inakaa kwenye jalada la mdai.

Ila kesi haijanyooka upande wa wadai pia, na ningekuwa nawapotosha wasomaji kama ningeishia hapo. Machi 2023 Rais Buhari wa Nigeria alitangaza kwamba Oba wa Benin, ambaye sasa ni Ewuare II, ndiye mmiliki wa vitu vinavyorudishwa. Baadhi ya makumbusho ya Ulaya yakashtuka, kwa kuwa yalidhani yanairudishia nchi. Novemba 2025 waandamanaji walivuruga ufunguzi wa makumbusho mpya ya sanaa ya Afrika Magharibi, MOWAA, mjini Benin City, wakidai iwe chini ya kasri.

Halafu kuna hoja ya Wamarekani weusi. Shaba ya mabamba haikuchimbwa Benin. Ililetwa na Wareno tangu mwisho wa karne ya 15 kwa umbo la vikuku vizito viitwavyo manila, na uchunguzi wa kikemia uliochapishwa 2023 ulionyesha kwamba chanzo kikuu cha madini hayo ni Rhineland, Ujerumani. Manila zilinunua pilipili, zilinunua pembe, na zilinunua watu. Kundi la Restitution Study Group la New York, linalozungumza kwa niaba ya wazao wa waliouzwa, liliishtaki Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani, mwaka 2022, likitaka vitu 29 visirudishwe Nigeria bila wao kuwa na sehemu. Mahakama hazikuwapa.

Kisheria sishangai walishindwa. Lakini hoja yao inagusa kitu ambacho Oba wala serikali ya Nigeria hawajakijibu kwa kirefu, na kwa maoni yangu haimsaidii Granville hata kidogo: kwamba mfalme aliwahi kuuza watu hakumpi admirali hati ya kumiliki ghala lake. Inachofanya ni kuongeza mdai wa pili mlangoni, na huyo atalazimika kusikilizwa na Benin, si na London.